Kisu cha Idalina

Barcelos, Januari. Idalina anakata sukuma
nyembamba kama uzi, kisha anaweka kisu chini.
Sufuria inatokota. Hatii kitu.

"Ngoja," anamwambia dada yake.
Jani zima halina ukali;
ukali huzaliwa kisu kinapopita,
vitu viwili vilivyoishi vyumba mbalimbali
vikakutana jerahani.

Mkemia wa hospitali ndiye aliyemweleza,
akaongeza: si dawa, mama, wala si ahadi.
Kwenye vichupa vyetu seli mbovu hujifia;
mwilini bado tunauliza.

Graça anapapasa kovu chini ya sweta.
Naye alikatwa, Novemba.

Dakika arobaini. Harufu kama ya haradali.
"Basi na mimi nimeshakuwa mkali,"
anasema,
na ndiye anayemimina majani.