Mguu wa Kushoto wa Mbele

Manispaa ilinipa ufunguo na barua yenye mhuri:
farasi ishirini na wawili wa mbao, wawe tayari kufikia Pasaka.
Bwana Ottokár wa ofisi ya utamaduni akaongeza kwa kalamu yake:
"Rangi zichangamke. Watoto wanapenda nyekundu."

Sikumwambia kwamba kwa miaka mitatu sijachora kitu,
ila mabango ya bucha:
kilo moja, nusu kilo, mkia bure.

Banda liko nyuma ya stesheni ya Karcag.
Humo bembea ya kuzunguka imelala tangu mama yangu hajajua kusoma,
imevuliwa paa, imevuliwa taa, imevuliwa kinanda,
na farasi wameegemezwa ukutani
kama wagonjwa wanaosubiri namba zao ziitwe.
Wa kwanza hana sikio. Wa nne hana mkia.
Wa tisa anacheka meno yote, sijui kinachomchekesha.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Hawakuwaona hawa.
Sakafu yao ni duara, ukingo wa kuishia haupo;
wamekimbia miaka na miaka
na hawajafika hata duka la mkate ng'ambo ya barabara.

Nikaanza na wa tisa. Nikakwangua.
Chini ya nyekundu, kijani. Chini ya kijani,
buluu ya milango ya hospitali. Chini ya buluu, weupe wa maziwa,
kisha mbao yenyewe, na pale tandiko linapokaa
mwandiko wa penseli, mdogo,
wa mtu aliyejua hautasomwa:
"Mguu wa kushoto wa mbele nimeukosea. Nisamehewe. Vendel."

Vendel!
Mtu anaomba radhi, halafu anaipaka radhi rangi.
Niliketi kwenye takataka za mbao, nikaupima mguu
kwa uzi, kwa kiganja, kwa jicho moja limefumbwa.
Kweli umepinda ndani, ukwato umemgeukia mwenzake
kama mtoto aliyebanwa na haja akaona haya kusema.

Jumapili nikapanda baiskeli hadi uwanda wa Hortobágy.
Oktoba. Upepo wa kule hauna pa kujificha,
kwa hiyo hujificha ndani ya koti lako.
Farasi walikuwa wameupa makalio.
Nikachora magoti, vidole vimekufa ganzi;
magoti tu, maana vichwa vya farasi hudanganya, ni vizuri mno.
Mchungaji, kijana wa vazi la buluu pana kama pazia,
akauliza natafuta nini.
"Mguu uliokosewa."
Hakucheka. Alinyosha mjeledi:
"Yule jike wa kijivu. Alivunjika angali mtoto,
mfupa ukaunga unavyojua wenyewe."

Akapiga mluzi. Jike akatoka,
mguu wa kushoto ukapinda ndani, ukwato ukamsalimu mwenzake,
na akakimbia, jamani,
alikimbia kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa na kilema.

Hapo anga likapiga kelele.
Korongo. Mia, kisha mia nyingine, kisha nikaacha,
shingo mbele, miguu nyuma, wembamba
kama mistari ambayo mkono huichora kabla mwenyewe hajaamua.
Wapo wanaosema ndege njema, ndege mbaya.
Hawa walikuwa ndege tu, na waliniliza.

Usiku ule nilichora nyuma ya barua ya manispaa,
nikachora juu ya mhuri, nikachora kwenye karatasi za kufungia nyama.
Mwenye bucha akapiga simu: mkia si bure tena,
njoo ufute.
Sikwenda hadi Alhamisi.

Sasa paa la bembea limejaa korongo,
wamepita pale ambapo hatawaona
ila mtoto aliyelaza kichwa nyuma akazunguka.
Sikio la wa kwanza nimelichonga, limetoka refu kidogo.
Mguu wa wa tisa sikuugusa.
Chini ya mwandiko wa Vendel, kwa penseli ileile ya magoti,
niliandika: "Hukuukosea. Nimemwona akikimbia."

Kisha nikachovya brashi,
nikapaka nyekundu.