Nukta ya Kijani

Saa nane usiku Chake Chake imeshafunga milango
nami ndiyo kwanza nakunja mikono ya shati.
Kazi yangu boflo. Mwaka wa kumi na saba huu
nauza usiku wangu niwanunulie wanangu mchana.

Mbarouk anachochea kuni, hasemi.
Nakanda, nalifunika donge kwa kitambaa cheupe,
nafuta vidole, natoa simu.
Hapo ndipo ninapomwona mwanangu.

Uso siuoni. Naona nukta,
kijani, kama punje ya choroko,
kando ya jina lake: Thuwaiba.
Yupo hewani.

Miaka kumi na sita, kitanda kimoja na mdogo wake,
kajifunika shuka gubigubi,
na ndani ya shuka kuna mwanga.
Bando la usiku, rahisi. Wenyewe wanaliita la popo.
Popo wa Kidike angalau mchana wanalala.
Huyu wangu saa moja yupo skuli.

Yupo, nasema. Mwalimu Wardat aliniita,
akanifungulia daftari la Baiolojia:
sentensi nzuri, herufi zimekaa sawa,
mpaka kwenye neno "moyo"
kalamu ikateleza, ikavuta mstari mrefu
ukashuka, ukatoka nje ya ukurasa.
"Hapa ndipo alipolala," akasema. "Somo la pili."

Nilimuuliza.
"Baba, wote wako macho saa hizo.
Nikilala, asubuhi nakuta wameshacheka bila mimi.
Au wamenicheka mimi."
Nikatafuta jibu sikulipata.
Sisi tulisengenywa, ndiyo,
lakini jua likizama wasengenyaji nao
walikwenda kulala.

Nikamnyang'anya simu. Siku tatu.
Mama yake akanambia: halali,
anakodoa macho darini
anasikiliza simu isiyolia.
Nikairudisha.

Tangu hapo namwandikia.
*Lala.*
*Nalala baba*, na kijiuso cha manjano kimefumba macho.
Naingiza trei ya kwanza. Natazama. Choroko ile ile.
*Thuwaiba.*
*Ndo nalala.*
Trei ya pili. Natazama.

"Bwana Haroub," Mbarouk kanambia juzi,
"mbona unga wa leo hauumuki?"
Ni mimi niliyemfundisha kijana huyu:
donge likishafunikwa, liache.
Hamira haipendi kuchunguliwa.
Kila ukifunua umeingiza baridi,
na mkate utakutokea tofali.
Nikatazama chini. Mkono mmoja simu,
mkono mwingine umeshika pembe ya kitambaa.

Jana kuni zilikuwa mbichi, tukaacha mapema.
Napanda njia ya Tibirinzi, boflo moja kwapani,
naandika huku natembea,
natuma. Mtandao unazunguka, unazunguka,
nikaitia simu mfukoni.

Nyumbani nikasimama mlangoni pa chumba chao.
Amelala.
Amelala hasa: mdomo wazi,
mguu wa mdogo wake juu ya tumbo lake,
simu kifuani, kioo juu, inapanda na kushuka kwa pumzi.
Nukta kumbe ilikuwa inawaka peke yake.
Nikasema alhamdulillahi, kimoyomoyo.

Ndipo ikaita. Ti.
Chumba kikawa buluu.
Kabla macho hayajafunguka mkono wake ulishaanza kupapasa,
kama alivyokuwa akilitafuta ziwa la mama yake
alipokuwa na siku arubaini.

Nikainama nikasoma:
*Baba: Bado hujalala?*

Nikaichukua kabla vidole havijaifikia.
Nikaizima.
Nikasimama pale kitambo, halafu nikatoa yangu.
Hii ilikuwa nzito zaidi kuizima, sijui kwa nini.

Mkono wake ukapapasa kidogo juu ya shuka,
ukakuta mguu wa mdogo wake, ukaushika, ukatulia.

Nikaketi kizingitini gizani.
Boflo bado lina joto.
Mikono yangu sikujua niiweke wapi.