Grisi Nyeupe

Ngomeni, saa nane usiku, zamu yangu.
Kitube kidogo, bei yake mbuzi wawili,
na Kitsao wa stoo hunipimia
kama anayemgawia mtoto asali ya dawa.

Haina harufu. Haiwaki.
Imwagie asidi, haishtuki;
ipulizie oksijeni tupu, ile iwashayo hata chuma,
itanyamaza kama mgeni asiyejua lugha.

Mwaka wangu wa kwanza, kwa ujuaji,
nilipaka beringi mafuta ya nazi,
nikaifungia ndani ya tangi, nikaamsha pampu.
Hewa ilipokwisha
mafuta yakatoka povu bila moto, yakahama,
yakatanda kwenye kioo kama pumzi ya mtu.
"Ombwe halina haya," alisema Kitsao, akinirushia kitambaa.
"Humnyang'anya kila mtu alichoficha."

Hii haina ilichoficha.
Hukaa ulipoiweka, kati ya chuma na chuma,
haimpendelei huyu, haimli yule,
na kidoleni haitoki kwa sabuni.

Juzi masalio yake nikayafutia
kwenye bawaba za mlango wa nyumbani.
Sikufikiri. Mkono tu.

Sasa mlango haulii.
Mama, tangu macho yamfunge,
alinijua kwa mguno ule wa kutu:
"Dama, umekula?"

Alfajiri hii nimeingia, nimesimama,
viatu mkononi.
Ameketi kitandani, uso kaelekeza mlangoni,
bado anasikiliza.