Kiwambo

Gari la baba mdogo lilikataa namba tatu.
Likipanda Kibosho linalia, namba mbili, namba mbili,
nyuma linatema moshi mweupe,
na watu wa Pasua wananifuata dirishani:
giaboksi imekwisha, mama,
toa otomatiki, funga ya mkono,
au uza vyuma kwa kilo.

Fundi Ndekirwa hakubisha.
Alitandika boksi, akaingia chini ya Datsun,
ile ya mwaka sabini na mbili, milango miwili,
nyekundu iliyofifia kama kanga ya jikoni.
Akachomoa mpira wa hewa, akaunusa,
akanishikisha kidole changu mwenyewe: oili.
"Hapa ni njia ya upepo tu, dada."

Kifaa chenyewe, jamani, kinaenea kiganjani.
Kopo la bati, na ndani kiwambo,
ngozi ya ngoma ambayo hakuna anayeipiga,
ina tundu kama jicho la dagaa.
Miaka minne ukoo umegombana
kwa tundu hilo.

Kipya kilikuja na basi la Nairobi, ndani ya soksi.
Alikizungusha kwa vidole, kisha spana, robo tu.
"Ukikaza kwa hasira utanirudia."
Oili nyekundu akaipima kwa chupa ya maji.

Jioni tukapanda tena.
Kwenye kona ya migomba, penye lile shimo,
niliuma meno nikingoja mshtuko.
Kimya.
"Sasa tatu itaingia lini?"
"Iliingia kule darajani," akasema Ndekirwa,
akaendelea kumenya ndizi yake.