Dirisha la Udahili, Upanga

Kidole cha karani kinashuka na cheti changu:
Kemia, C. Baiolojia, B.
Kinafika Afya ya Jamii, A,
kinasita.
"Hii tuiweke wapi, dada Sikudhani?
Ni sayansi, au maneno tu?"

Tandale, masika ya mwaka juzi,
maji ya choo yameingia kisimani kwa Bi Kidawa,
nami na daftari lililolowa, hodi mlango kwa mlango:
wangapi wanaharisha, tangu lini, wanachota wapi.
Hesabu nikaipiga kwa mkaa, nyuma ya boksi la klorini.
Wagonjwa kumi na tisa. Kisima kimoja.
Tukakifunga Ijumaa.
Jumatano, kitanda cha kwanza kikabaki kitupu.

Tumbo la chura mmoja ni sayansi;
matumbo ya mtaa mzima, je?

Simwambii hayo. Nasema,
"Kuna takwimu humo. Kuna vimelea."
Anaguna. Anaandika kwa penseli,
penseli, si kalamu:
*nusu*.

Nusu ya nini, hakusema.

Nje kuna bomba, linavuja.
Nanawa, kwa mazoea,
mpaka viwikoni.