Dakika Saba

Umeme umerudi saa tatu usiku, hapa Muhungu,
nami nimekaa mbele ya mashine kama shahidi aliyeitwa mapema.
Diski inakwaruza. Inakohoa.
Dakika saba kabla haijakumbuka jina langu.
Nimezihesabu. Kwa dakika saba Nabintu huchemsha chai,
huinywa, husuuza kikombe na kukifunika.
Na umeme wetu si wa kusubirishwa:
ukija, huja kama mgeni
aliyeacha pikipiki ikinguruma mlangoni.

Asubuhi nikashuka Nyawera na dola arobaini na tano ndani ya soksi.
Noti ya tano ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni,
na noti iliyopasuka, Bukavu, haipokelewi hata na mwenye njaa.
Niliikunja mpasuko ukiangalia ndani.

Zihindula akaweka diski mbili juu ya kioo.
"Hii iko na nafasi mingi, tera muzima, lakini inazungukaka.
Hii ingine iko kidogo, giga mia mbili na makumi tano na sita,
lakini iko mbio sana. Bei ni moja. Chagula."

Nikainua ya kwanza. Nzito, baridi, ya kuaminika
kama kufuli la duka.
Ndani, sahani huzunguka mara elfu tano na mia nne kila dakika,
na sindano inaelea juu yake bila kuigusa;
siku itakapoigusa, mmeagana.
Ya pili ilikuwa nyepesi kama kipande cha sabuni
kinachobaki tarehe ishirini na nane.
Niliitikisa sikioni. Kimya.
Ni vigumu kumwamini asiyenong'ona hata kidogo.

"Inaishi miaka mingapi?"
Zihindula akacheka. "Papa, hata weye haujue yako."

Nyumbani nina giga mia tatu na themanini.
Miaka tisa ya harusi: maharusi wa Kadutu, wa Bagira,
waliolipa, na waliosema wiki ijayo.
Keki zilizoegemea upande. Mjomba mmoja, sijui wa nani,
anayetokea katika sherehe nne akila.
Na faili moja niliyoiita BABA, kwa herufi kubwa,
kana kwamba ningeweza kuipoteza.
Nilisimama pale nikifanya hesabu ya kutoa
mpaka mteja aliye nyuma yangu akaguna.

Nikachukua ile ndogo.
Noti iliyopasuka, Zihindula aliikunjua, akaitazama,
akanitazama, akaitia mfukoni mwake, si kwenye sanduku.

Usiku ule maharusi wote walibaki katika diski ya zamani,
imefungwa kwa kitambaa, juu ya kabati, haizunguki tena.
Nilihamisha mfumo, barua za kazi, na BABA.
Saa nne umeme ukafika. Nikabonyeza.
Sekunde kumi na moja.
Nabintu alikuwa bado anapekua kibiriti.
"Imekufa?" akauliza.
"Imewaka."
Tukatazama kioo kile cheupe, kikitungoja sisi.

Nikafungua BABA.
Ile ya zamani ilikuwa ikinipa muda:
ilikwaruza, ikasita, nami nikavuta pumzi,
nikanyoosha kola kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.
Hii haikubisha hodi.
"Mpaka ni ule mkaratusi," akasema baba, papo hapo, mdomo umejaa,
"si jiwe. Jiwe walilisogeza usiku."
Kisha jogoo wa Walungu akamkatiza, kama zamani,
na baba akamtukana, kama zamani,
na Nabintu akaketi chini, kibiriti mkononi, hakukiwasha.

Dola arobaini na tano.
Hakuna aliyeniambia kwamba zile dakika saba
nazo zilikuwa ndani ya bei.