Sumaku Haisikii Shaba

Kumbakonam, saa saba mchana, umeme umekatika;
feni imeduwaa juu ya kaunta.
Vaidehi ameulizia nyuzi za shaba, zile zing'aazo,
alizofunga mamake kwenye mandolini ya tumbo tupu.

Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, anatikisa kichwa:
"Hii yako sikio lake ni sumaku.
Shaba itaimba, nayo isisikie."
Anasukuma pakiti ya nikeli,
kijivu, haina mvuto, kama waya wa breki.

Sasa unene. Namba tisa au kumi?
Mwembamba hukubali kuvutwa,
noti ikapanda ikijikunja, ikashuka ikilia,
ila juzi, harusini kwa watu, raga ikiwa katikati,
ulikatika ukamchapa shavuni.
Alama ingalipo. Mnene hudumu,
lakini kidole, loh, kidole!

Anachukua kumi. Analipa. Anafika mlangoni,
anarudi.

"Nipe na shaba. Uzi mmoja tu."

"Dada, si nimekwambia spika haitatoa kitu?"

"Nimesikia. Huo ni wangu mwenyewe,
wa saa kama hizi."